Injini Hailali Nje

Katika pwani ile ya Ziwa Mweru mtu anaweza kuacha nyavu mchangani, akaacha mtumbwi, hata mke akamwacha peke yake wiki nzima akaenda Chisenga kununua samaki. Injini hakuna anayeiacha. Injini ya boti hulala ndani kwa hofu ya wezi wa majini, karibu na kitanda, imefunikwa kitenge kizuri kuliko cha mama mwenye nyumba. Injini hailali nje, ndivyo wanavyosema, na mtoto wa kijiji cha Kabuta hulijua neno hilo kabla hajajua sala ya Baba Yetu.

Kwa hiyo mwaka 1999, wafadhili walipoiletea shule televisheni, video na jenereta, hakuna aliyeuliza jenereta itakaa wapi. Iliingizwa stoo, chumba kidogo nyuma ya darasa la kumi na moja, chenye mlango mmoja wa kuingilia darasani na kidirisha cha nondo kinachotazama ziwa. Ikafungwa mnyororo ukutani. Humo ililala, na humo humo iliwashwa.

Aliyejua kuiwasha ni Germaine. Baba yake, Camille, mchuuzi wa samaki, alivuka na familia kutoka Kilwa ya Kongo vita vilipoanza tena ng'ambo, na msichana alikuwa amekulia kati ya injini za boti kama wengine wanavyokulia kati ya mbuzi. Hakuwa na karatasi yoyote ya shule. Mkuu wa shule alitaka kumrudisha nyumbani, na Mwalimu Kapembwa wa jiografia ndiye aliyemtetea, akisema zile mashine bila huyu msichana ni masanduku tu. Nafasi yake ikabaki inaning'inia kwenye neno la mtu mmoja, na alilikumbuka hilo kila asubuhi alipofunga kamba za viatu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nisimsingizie Kapembwa, alikuwa mtu mwema. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na mbili kwa chaki na mdomo, na ile rimoti aliishika kama mtu anayeshika mjusi. Basi wanafunzi watano wakaunda klabu ya kuwasaidia walimu, na klabu ilikuwa na adabu yake: mwalimu hafundishwi, anakumbushwa. Germaine alikuwa akisema, labda ba ticha amesahau, hiki kitufe ndicho cha kusimamisha picha. Naye Kapembwa hujibu kwamba hakusahau, alikuwa anampima tu. Walipendana kwa njia hiyo, na ndiyo maana inauma kuisimulia.

Mdogo kuliko wote klabuni alikuwa Bwalya, mvulana mwembamba aliyemfuata Germaine kila mahali akiuliza maswali. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kukaa stoo na injini. Tangi la ile jenereta lilikuwa dogo, somo lilikuwa refu, na mtu alipaswa kukaa mle ndani na jagi la petroli ili aongeze kabla halijakauka. Kazi hiyo ilikuwa ya Germaine. Kila akiifanya kichwa kilimgonga kama mchi kwenye kinu, akawa anatoka mara kwa mara kuvuta hewa. Watoto wa viti vya nyuma nao walilalamika vichwa. Kapembwa akasema ni macho, hawajazoea televisheni.

Jumatano moja walijaribu somo zima bila kusimama. Mle stoo Lackson, mlinzi wa shule, alikuwa na kuku wake aliyeatamia nyuma ya magunia. Walipomaliza walimkuta amekufa juu ya mayai yake, amekaa vilevile, shingo imelala, na kishungi chekundu kuliko cha kuku mzima. Lackson akasema ni kideri, akaenda naye nyumbani akamla. Germaine alisimama pale akikitazama kiota.

Kwa maana kishungi kile kilimkumbusha midomo ya baba yake mdogo. Ghislain alilala ndani ya kibanda cha boti usiku wa mvua, injini ikinguruma chini yake, akafika Mununga maiti. Watu wakasema amelogwa. Camille peke yake alikataa uchawi, akawaambia wanawe kwamba injini inapumua kama mtu, ila pumzi yake ni sumu, na katika nyumba iliyofungwa wawili hawa hawawezi kupumua pamoja.

Germaine alimfuata Kapembwa kwenye ofisi ya walimu, mikono nyuma.

"Ba ticha, ile kuku haikukufa na bugonjwa. Ni moshi ya injini. Haina na arufu mingi, lakini inaua mutu. Tuitoshe inje."

Kapembwa alikuwa akipanga karatasi zake. Mkaguzi kutoka mkoani alikuwa anakuja Ijumaa kuona somo la video, na shule ikifanya vizuri angepeleka habari mbele.

"Inje? Bezi ba kule kwa maji babebe, kisha mi niseme nini?" Kisha akatazama juu, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Germaine, mutu moja tu alikuombea hapa. Usinipatishe haya."

Akakubali jambo moja, kidirisha cha stoo kiachwe wazi. Germaine akashukuru. Alipotoka alijiambia kidirisha kitatosha, akajiambia tena njiani, na mtu akijiambia neno mara mbili ujue haliamini.

Ijumaa madirisha ya darasa yalifunikwa plastiki nyeusi, ile ya kuanikia samaki, ili picha ionekane. Watoto hamsini na saba wakajipanga. Kapembwa, katika suti yake ya harusi, akaamua kwamba Germaine asimame mbele karibu na televisheni, mkaguzi amwone, na stoo akae Bwalya. Bwalya aliruka kwa furaha. Na hapa niseme ukweli, kwa sababu Germaine mwenyewe hakuuficha baadaye: alifurahi. Alifurahi kwamba leo kichwa kitakachogonga si chake.

Alimwonyesha alama kwenye jagi. Alimwambia akisikia kichwa kizito atoke mara moja, asiombe ruhusa.

"Ba Germaine, niko bien," alisema Bwalya, akimwiga Kifaransa chake kwamba yu mzima, amekaa juu ya kreti la bia kama chifu. "Enda kule mbele."

Mkaguzi aliingia, mama mnene mwenye miwani, wakampa kiti cha heshima nyuma, karibu na mlango wa stoo. Upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma kuja nchi kavu. Uliingia kwa kidirisha, ukausukuma moshi na kelele chini ya mlango, na mama akakohoa na kuweka leso puani. Kapembwa alimwendea Germaine kwa hatua za haraka, akamnong'oneza aende akazibe kile kidirisha.

Germaine alimtazama. Alikuwa na neno moja mdomoni, na alijua bei yake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Germaine alilisikia la mkuu. Alizunguka nje, akaokota gunia la chisense, dagaa wa ziwa lile, akalisokomeza kati ya nondo mpaka likakaza. Bwalya alimpungia mkono kabla mwanga haujapotea.

Somo lilikwenda vizuri ajabu. Kapembwa alisimamisha picha mahali pake, akaeleza milima ya barafu, akairudisha nyuma bila kukumbushwa, na mkaguzi akaandika, akaandika. Dakika ya hamsini injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Picha ikazimika, giza likawakalia wote.

"Bwalya amesinzia huyo," alisema mtu, na darasa likacheka, na mkaguzi naye akacheka. Kapembwa akaomba radhi, akasema ni dakika moja tu, kijana anaongeza mafuta.

Germaine hakucheka. Alikuwa ameshakimbia kati ya madawati.

Bwalya alikuwa juu ya kreti, mgongo ukutani, shingo imelala upande. Jagi lilikuwa miguuni pake, limejaa hadi kwenye alama aliyoonyeshwa, halijaguswa. Midomo yake ilikuwa myekundu.

Walimtoa wakamlaza kwenye majani. Watoto wawili wa nyuma walitapika ukutani. Kapembwa alipiga magoti na suti yake, akampepea Bwalya kwa kitabu cha mahudhurio, akaendelea kumpepea hata baada ya mkaguzi kumshika bega. Kisha akainuka, akaukata mnyororo kwa shoka, akaiburuta ile injini mpaka katikati ya uwanja.

"Uliniambia," alimwambia Germaine.

"Gunia niliweka mimi," alijibu.

Alasiri kilio cha mama Bwalya kilisikika kutoka Kabuta mpaka shuleni. Germaine alikuwa bado amekaa kwenye ngazi za darasa. Lackson mlinzi alikuja akilia, machozi yanamtiririka ndevuni, akainama akaipangusa injini vumbi. Ilikuwa nzito kwa mtu mmoja kuinua. Akamwita Germaine amshikie upande wa pili waiingize ndani kabla wezi wa majini hawajapita.

Germaine akainuka, akashika.