Mvua Aliyoisoma Fabiola

Perpetua alikuwa haoni tena maandishi, lakini hadithi alizipenda kupita kiasi. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliketi barazani pale Endasak, akamwita mke wa mwanawe: "Fabiola! Njoo na kitabu, mwanangu."

Mwanangu! Leo ndiyo amekuwa mwanangu. Miaka miwili iliyopita, uchungu ulipomshika Fabiola alfajiri, mvua inamwagika na mume yuko safarini, mama mkwe huyuhuyu alikataa kupiga simu ya bodaboda. "Mimba ya kwanza haina haraka," alisema. "Ngoja ng'ombe wakamuliwe." Pikipiki ilikuja maziwa yameshachemshwa. Mtoto akazaliwa njiani, kwenye matope, akafa. Perpetua hakusema pole, hakuuliza hata neno moja. Fabiola alimpikia, alimfulia, alimsomea, na moyoni alimchukia kwelikweli. Alitaka siku moja tu mama huyu aumie kama alivyoumia yeye.

Riwaya waliyokuwa wanaisoma ilimhusu Raya, binti mcheshi aliyeolewa mbali na kwao. Perpetua alimpenda Raya huyo utadhani amemzaa. Raya akicheka, naye anacheka. Fabiola aliliona hilo. Akaona pia kwamba sauti yake ndiyo inayofanya kazi: akisoma harakaharaka, mama anapiga miayo, akiyavuta maneno na kuyashusha, mama anaacha hata kutafuna. Haya, akasema moyoni, dawa yako nimeipata.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, vumbi limejaa barazani. Kitabuni Raya, sasa mjamzito, alikuwa anasuka mkeka. Fabiola akauangalia ukurasa, akasoma yake.

"Mvua ilianza kabla hakujapambazuka," alisema taratibu. "Ilipiga bati mpaka watu ndani hawasikizani. Ukungu ukaingia kwa chini ya mlango. Raya akashika nguzo. Maji yalikuwa yanamtiririka miguuni, na hayakuwa ya mvua."

"Maskini!" Perpetua akajifunika kitenge mabegani, kwenye jua lile.

"Akaita. Hakuna aliyekuja. Akasikia ndoo zizini, na maziwa yakiingia ndani yake, churu, churu, bila haraka."

"Yuko wapi mama mwenye nyumba?"

"Anakamua."

"Anakamua nini, na mtoto wa watu anakufa?" Perpetua alikuwa ameshasimama, fimbo imeanguka, machozi yanamtoka. "Jamani, piga simu! Mwiteni bodaboda!"

Fabiola alimwangalia tu. Neno hilo alilisubiri miaka miwili, na sasa limetoka kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo duniani. Hasira ikampanda. Kumbe Raya ndiye wa kuitiwa pikipiki!

Kisha akauona uso wa mama mkwe unabadilika. Perpetua akarudi kukaa polepole, akipapasa ukingo wa benchi.

"Hayo hayamo kitabuni," alisema.

"Hayamo, mama."

"Alikuwa wa kiume?"

"Wa kiume."

"Basi, Fabiola. Inatosha, nakuomba."

Fabiola akalowesha kidole, akafunua ukurasa.

"Inatosha vipi, mama? Tulia hapo. Bado hujasikia mtoto alivyolia."