Upande Uliosiribwa

"Mama Bertilla, usiache hata ufa mmoja!" Mwenyekiti wa kijiji, Teodori, alipaza sauti kutoka chini ya ngazi. "Kesho wageni wanakuja na kamera."

Bertilla alikuwa juu ya ngazi, mikono imejaa tope. Alichota tope ndooni, akalibandika ukutani, akalivuta kwenda juu kwa mkono mmoja, kisha akalikandamiza kwa ule mwingine. Mbele yake lilisimama ilungu, tanuru la udongo ambalo Wafipa wa zamani walilitumia kuyeyushia chuma, refu kupita nyumba yoyote ya jirani, katikati ya shamba la ulezi lililokwisha kuvunwa. Mvua zilikuwa zimelitafuna mabega na nyasi zilikuwa zimeota mdomoni mwake. Watu wa upande huu wa Kate, huku Ufipa, walilizoea mno. Bertilla mwenyewe aliwahi kufunga mbuzi pale, wala hakuona vibaya.

"Nimeacha ufa lini mimi?" alisema hatimaye.

"Ndiyo maana nimekuita wewe, mama, sikumwita mwingine."

Maneno hayo yalimwingia vizuri kuliko alivyotaka kuonyesha. Zamani hakuna nyumba iliyohamiwa hapo kijijini kabla Bertilla hajaisiriba. Kisha yakaja matofali ya kuchoma, ikaja saruji, wakaja vijana na mwiko mfukoni, na watu wakabaki kumsalimia tu kanisani: Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, basi, kila mtu na njia yake. Hakuna aliyemfukuza kazi. Walimsahau tu, na hilo lilimuuma zaidi. Sasa Mwenyekiti alikuwa amemwahidi kwamba wageni wakipendezwa, atapewa na malungu mengine ya kukarabati. Bertilla alichanganya udongo wa kichuguu, mchanga wa mtoni, majivu na kinyesi cha ng'ombe kwa moyo wake wote, maana alitaka jina lake lirudi midomoni mwa watu.

Kufika adhuhuri, upande unaotazama barabara ulikuwa umekamilika, mwekundu na laini. Teodori alisogea nyuma, akaweka mikono kiunoni kama yuko mkutanoni.

"Hapo sawa! Limekuwa bibi harusi."

"Wazee nao walikuwa wanalipamba kama bibi harusi kabla ya kuliwasha," Bertilla alisema. "Bibi yangu alinisimulia."

"Basi malizia na mgongo wa bibi harusi. Mimi nakwenda kuazima mabenchi."

Upande wa nyuma ulitazama bonde, haupati jua sana, na kuvu ya kijani ilikuwa imeufunika wote. Bertilla alianza kuikwangua taratibu kwa kipande cha jembe. Akarusha maji. Udongo wa kale ukanywa, ukageuka mweusi, na kutoka ndani ya weusi ule ukatokea mkono wa mtu.

Aliruka nyuma. Kisha akasogea tena, maana udadisi ulimshinda.

Kilikuwa kiganja kilichozama ukutani, vidole vyote vikionekana, kimevuta udongo kwenda juu. Pembeni yake kilikuwapo kingine, kimekandamiza. Alirusha maji zaidi, akaona vingine na vingine, vikipanda safu kwa safu mpaka pale asipofika. Baadhi vilikuwa vipana. Kimoja kilikuwa na kidole gumba kilichopinda. Mkono huu umevuta, huu umekandamiza: alikuwa anafanya vilevile yeye asubuhi ile ile, na hakuna mtu aliyemfundisha isipokuwa bibi yake, na bibi naye alifundishwa na nani?

Bertilla aliuweka mkono wake ndani ya alama moja. Ulienea. Udongo ulikuwa wa baridi na vinyweleo vilimsimama mpaka shingoni.

"Yesu na Maria," alinong'ona.

Akapiga magoti, akachungulia katika tundu moja la chini, lile la kupitishia hewa. Ndani kuta zilikuwa nyeusi zinazong'aa, zimeyeyuka na kuganda, na mavi ya chuma, makapi ya kuyeyusha, yamening'inia humo. Moto ulioyeyusha mawe ulikuwa umeungurumia humu, na kilichouzuia ni tope tu, tope la mikono. Umri wake wote alipita hapa na kuni kichwani. Alikaa chini kwenye mabua, amejaa furaha ambayo hakujua aipeleke wapi.

Ndipo alipokumbuka upande wa mbele.

Hakukwangua kule. Kwa haraka ya kuwahi jua alipitisha gunia lenye maji tu, akasiriba. Alizunguka mbio, akaingiza kucha kwenye ukingo wa tope jipya, akavuta. Likatoka bonge zima, jipya na la kale pamoja, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila udongo uliovunjika. Akaacha hapo hapo. Tope lake lilikuwa limeshika sawasawa, kama lilivyoshika siku zote.

Teodori alirudi na benchi begani. "Mbona umeishia nusu?"

"Siendelei, Mwenyekiti."

"Huendelei vipi? Wageni watatucheka! Mbele bibi harusi, nyuma marehemu!"

Bertilla alimshika mkono bila adabu yoyote, akampeleka nyuma, akakiweka kiganja cha Mwenyekiti ndani ya alama moja. Teodori alivua kofia.

"Ni akina nani hawa?"

"Sijui majina yao. Mafundi wenzangu."

"Na kule mbele, mama? Kule nako walikuwapo?"

Bertilla aliinama kuokota ndoo yake.

Wageni walifika kesho yake, wametoka kutazama maporomoko ya Kalambo, bado wanayasimulia. Walipozunguka nyuma ya ilungu wakasahau maporomoko. Dada mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, Edith, alichuchumaa mbele ya viganja na kuvitazama bila kuvigusa, machozi yakimlenga.

Ni mmoja tu aliyebaki upande wa mbele, mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Obed, mwenye kujenga vijumba vya wageni kule Sumbawanga. Alikuwa akiupapasa ukuta.

"Nani kasiriba hapa?"

"Huyu hapa, mama Bertilla," Teodori alisema kwa fahari.

"Shikamoo mama. Fundi wa namna hii nimemtafuta mji mzima. Nataka vijumba vyangu vyote viwe hivi, vya udongo. Utakuja?"

Ndilo neno alilolingoja miaka yote ile. Furaha ilimpanda, lakini macho yake yalibaki kwenye mkono wa Obed pale ukutani.

"Ni mimi niliyesiriba," alisema, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Nitakuja, mwanangu. Lakini hapo toa mkono kidogo. Wapo watu chini yake."

Obed aliutoa mkono, akamtazama Teodori, Teodori akatazama chini. Kutoka nyuma zilisikika sauti za kamera na minong'ono. Bertilla alisogea mpaka ukutani. Jua la asubuhi lilikuwa limeanza kuupasha joto, na aliweka sikio lake hapo, awasikilize mafundi wenzake.