Imekauka, Haijashika

Shemeji yangu alibonyeza gundi iliyotokeza pembeni mwa bamba la chuma, akatazama kidole chake kisafi, akasema, "Imekauka. Toeni mirunda."

Simpendi, na sijawahi kuficha. Alimwoa dada yangu, kisha akapata zabuni ya kukarabati ukumbi wa shule ambayo dada ndiye mwalimu mkuu wake. Boriti ya zege ilikuwa imepasuka katikati. Kazi yake ilikuwa kuibandikia bamba lile chini kwa gundi; yangu ilikuwa kumkagua. Mirunda, ile miti iliyoishikilia boriti kwa chini, ikitolewa, uzito wa dari unabaki kwa gundi.

"Kukauka ni kwa nguo, shemeji," nikamwambia. "Gundi inashika au haishiki."

"Una wivu tu wewe."

Nikapanda ngazi na nyundo, nikaligonga bamba. Pembeni bamba liliitika kwa sauti nzito. Nilipofika katikati likaanza kulia kama debe tupu; hapo gundi haikushika. Nikamuuliza alilisafishaje zege kabla ya kubandika. Akajibu kwa majivuno kwamba aliliosha kwa maji likatakata, akapaka gundi papo hapo. Mtu mzima na akili zake, ameosha zege kama sahani, akabandika chuma juu ya maji.

"Bandua, urudie."

"Sibandui kitu. Kesho watoto wanaingia."

Kelele zikamfikia dada ofisini, akaja. Hakunisalimia.

"Tangu utotoni kazi yako ni kunitafutia aibu," akaniambia, kisha akaenda kusimama chini ya boriti, mikono kifuani. "Mume wangu kasema imekauka. Toeni hiyo mirunda nikiwa hapa hapa."

Nilimchukia wakati ule, na niliogopa. Fundi mmoja, anayemwogopa bosi kuliko kifo, akainua nyundo agonge kabari ya mrunda wa kwanza.

"Usiguse."

Alikuwa shemeji. Jasho lilimtiririka.

"Usiguse huo mrunda. Mama watoto, toka hapo."

Dada hakutoka. "Si imekauka?"

Shemeji akamnyang'anya fundi nyundo.

"Mimi nitoke," dada akasema polepole, "watoto wa watu waingie kesho?"

Akatutoa wote nje, akafunga ukumbi kwa kufuli na kuondoka na funguo. Mumewe alimfuata akimwita. Mimi hakuniaga.