Mguu wa Mwanamke Zizini

Jumanne ya tatu ya Julai, jua kabla halijavuka mlima, Malimpho alipiga teke theluji iliyojikusanya mlangoni mwa jiko akaingia kuhesabu kuni. Hapakuwa na cha kumchosha mtu. Palikuwa na vijiti saba vya vichaka, gogo moja lililooza nusu, na kikapu chenye vumbi la samadi la tangu Mei. Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo, na vile vichaka ambavyo wanawake wa kijiji cha Ha Letlama huvichimbua mlimani vilikuwa vimefukiwa, theluji ya magoti juu yake. Alichukua vijiti viwili, akasita, akakirudisha kimoja.

Ndani ya nyumba mama mkwe wake, Mamotlatsi, alikuwa anakohoa. Kikohozi chake kilikuwa na zamu: kimoja kikavu, viwili vya maji, halafu kimya kirefu ambacho Malimpho hakukipenda hata kidogo. Ubavuni mwake alilala Limpho, mtoto wa miaka minne, amevishwa kila nguo aliyokuwa nayo. Mwanamume aliye hai hakuwamo. Mume wa Malimpho alifia migodini akazikwa huko huko, mbali mno hata marehemu kurudi kwa miguu. Shemeji yake Motlatsi, mwana mkubwa na mrithi wa mji, alikuwa Maseru anaendesha lori.

Hatua ishirini kutoka mlangoni lilikuwapo zizi la mawe la mzee Nkopane, baba mkwe. Ng'ombe wake waliibwa miaka mitano iliyopita, lakini kabla ya hapo walilikanyaga zizi lile miaka arobaini, na samadi waliyoiacha ilikuwa imeshikana na kukauka, unene wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Ukiikata kwa sepeto inatoka mabamba mabamba. Bamba moja linaivisha chungu cha uji wa mtama na kubakiza makaa ya kuota. Zizini mle mlikuwa na moto wa majira matatu ya baridi, umelala tu unatazamwa.

Ila mwanamke haingii zizini, na mke wa mtoto ndiyo kabisa. Mzee Nkopane mwenyewe, aliyefariki miaka minne nyuma na kuzikwa mle mle chini ya ukuta wa mashariki, kama wanavyozikwa wenye miji, alikuwa anakaa juu ya ukuta kila siku na blanketi lake la kahawia ili kuhakikisha.

"Umeamkaje, baba?" Malimpho alimwamkia, macho chini.

"Salama, ila baridi. Leo mnakoka saa ngapi?"

"Saa kumi, baba."

"Jana mlikoka saa kumi na moja."

"Tulikuwa tunabana kuni."

"Kubana ni vizuri. Mkikoka mniite."

Saa kumi jua lilipozama nyuma ya mlima, mzee alishuka ukutani, akaingia bila hodi, akakaa upande wa kulia wa moto, upande wa wanaume. Wafu wa milimani huona baridi kuliko walio hai kwa sababu hawana damu ya kuwasaidia. Hilo kijijini halina ubishi. Alipotandaza viganja vyake, ndimi za moto zilipungua nusu na uji ukaacha kutokota. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na mwaka wa nne, na jembe lenyewe lilikuwa lake.

"Baba," Malimpho alisema, "kuni zimebaki za siku moja. Samadi iko zizini."

"Najua iko. Si ya ng'ombe wangu?"

"Mama anakohoa."

"Namsikia. Hata nikiwa ukutani namsikia."

"Basi niruhusu nikate mabamba kumi tu. Nitavua viatu."

Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu, mguu wa mwanamke ukiingia zizini ng'ombe wanatupa mimba."

"Ng'ombe gani, baba?"

"Watakaokuja."

"Basi wewe mwenyewe utukatie."

"Mimi?" Mzee alishangaa kidogo. "Mimi si nimepumzika? Ndivyo mlivyoniimbia siku ile, tena kwa sauti nne. Pumzika, baba, kazi umeimaliza. Nami nikakubali."

Mamotlatsi aliinua kichwa kitandani. "Malimpho, usimsumbue baba yako. Miaka hamsini na miwili nimeolewa hapa, na unyayo wangu haujagusa mle. Hata siku ile ndama amekwama getini, nilisimama nje nikapiga kelele." Alilisema hilo kwa fahari, kisha akakohoa mpaka Malimpho akamshika mgongo.

Asubuhi yake Malimpho alikwenda kwa jirani, mzee Sekake, aliyekuwa na nyonga mbovu na mdomo mzima.

"Mimi nikate samadi ya Nkopane?" Sekake alisema. "Akiwa hai alinichapa fimbo mara mbili, na siku hizo alikuwa anachoka! Hapana, mama. Zizi lina mrithi. Niletee neno la Motlatsi, nitakata mpaka wewe mwenyewe useme basi, Sekake, basi."

Simu inashika kileleni tu, kwenye jiwe ambalo watu wamelizoea. Malimpho alipanda saa nzima, theluji imeingia kwenye buti za mpira.

"Shemeji, mama yako anaumwa kifua, na kuni zimekwisha. Mwambie mzee Sekake atukatie samadi."

"Sekake! Leo umpe sepeto, kesho utasikia zizi ni lake. Nakuja mwenyewe Jumamosi."

"Barabara imefungwa na theluji."

"Basi Jumamosi ile nyingine. Haraka ya nini? Mpe mama chai ya moto, mwambie namsalimu sana."

"Chai niichemshe kwa nini, shemeji? Kwa salamu?"

Motlatsi alicheka, akasema mke wa marehemu mdogo wake hajambo kwa maneno, akakata simu. Malimpho alikaa juu ya jiwe hilo kitambo, amekasirika hadi meno yakagongana, kisha akateremka.

Jumatano hiyo walichoma nira.

"Nira hiyo aliichonga baba yangu," mzee Nkopane alisema kutoka upande wa kulia.

"Ndiyo, baba."

"Mti mzuri. Ona, hautoi moshi." Akasogea karibu zaidi.

Alhamisi ulikwenda mpini wa plau, likafuata benchi, na baada ya benchi kasha ambalo Malimpho alikuja nalo siku anaolewa, mfuniko kwanza. Kasha lilikuwa la mbao nyepesi. Lilitoa moto wa kuchemsha vikombe vitatu vya maji likaisha. Ilipofika saa tisa alasiri hapakuwa na kitu cha mbao humo ndani isipokuwa mlango na kitanda cha mgonjwa. Midomo ya Mamotlatsi ilikuwa imepauka, na mtoto aliacha kuomba chakula, jambo lililomtisha Malimpho kuliko kikohozi. Akatoa sepeto nyuma ya mlango, akatoka.

Mzee Nkopane alishuka ukutani akasimama katikati ya lango la zizi. Hakuwa na uzito wowote. Mtu angempenya bila hata kupunguza mwendo, na Malimpho hakupunguza. Alikuwa amebakiza hatua tatu aliposikia mlango wa nyumba.

"Malimpho! Nimekukosea nini mimi?"

Mamotlatsi alikuwa amesimama peku kwenye theluji, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Hujanikosea, mama. Nataka upone."

"Nipone, halafu nimtazame nani machoni? Watasema Mamotlatsi alizeeka bila kumfunza mkwewe. Rudi, mwanangu. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu, rudi." Na machozi yakawa yanamtoka.

Marehemu unaweza kumpenya, lakini mama anayelia mlangoni peku humpenyi. Malimpho aliegemeza sepeto kwenye ukuta wa zizi kwa nje, akarudi, akambeba mama mkwe hadi kitandani, akamsugua miguu. Moto wa siku hiyo ulikuwa wa lile vumbi la kikapuni. Mzee Nkopane alikuja akauota wote.

Mamotlatsi alifariki Ijumaa asubuhi, katika kile kimya kilichofuata vikohozi viwili vya maji. Malimpho alilia kwa sauti. Alimpenda, kwa kuwa kikongwe yule alimpokea akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akamfundisha kila kitu, na sasa alikuwa amekufa kwa baridi hatua ishirini kutoka kwenye moto wa miaka mitatu.

Wanaume sita wa kijiji walikwenda makaburini na sururu. Ardhi ilikuwa imeganda. Sururu ilidunda ikatoa cheche, na baada ya saa mbili walikuwa wamepata shimo la kuzikia kuku. Sekake akasema udongo laini uko mahali pamoja tu katika Ha Letlama nzima, chini ya samadi ya Nkopane, maana samadi huweka joto. Mmoja wao akapanda kileleni na simu. Motlatsi alikubali kabla mwenzake hajamaliza sentensi.

"Zizini, kando ya baba? Zikeni, zikeni. Mama anastahili heshima hiyo."

Walimzika Jumamosi saa sita. Wanawake walisimama nje ya ukuta wakaimba, kwa sauti nne, pumzika mama, kazi umeimaliza. Malimpho aliona kofia za wanaume tu zikiinama na kuinuka. Ili kufikia udongo walikata mabamba kumi na manne, makavu, mazuri, na walipokwisha kufukia waliyarudisha moja moja juu ya kaburi, kwa kuwa neno la mrithi lilikuwa la kaburi, halikuwa la mabamba. Sekake, mtu mwaminifu, alifagia hata chengachenga kwa kofia yake. Sepeto la Malimpho walilokuta ukutani na kulitumia walilisahau ndani.

Waombolezaji walikuwa wameleta kila mmoja kijiti chake, kama inavyofanywa msibani. Vijiti viliisha Jumapili mchana. Saa kumi Malimpho alitoka kwenda kumwita mzee, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na cha kumwitia.

Mamotlatsi alikuwa amesimama katikati ya zizi, mikono kiunoni, anaangaza huku na huku.

"Kumbe ni padogo hivi," alisema. "Miaka hamsini na miwili nilidhani ni pakubwa."

"Mamotlatsi," mzee alisema kutoka ukutani, "mwanamke haingii zi..."

"Sikuingia. Niliingizwa. Na wanaume sita, kwa nyimbo."

Mzee aliwaza. Aliipitia mila yote aliyofundishwa, mwanzo hadi mwisho, akarudia tena, na hakukuta mahali panapomtaja mwanamke aliyekufa. "Lakini wewe umepumzika," alisema hatimaye. "Wamekuimbia. Nimesikia."

"Waliimba vizuri," Mamotlatsi alisema. Alijifunga blanketi kiunoni, akaokota sepeto, akakata bamba la kwanza. Mikono ilikuwa ile ile ya zamani, ya haraka, na kifua kilikuwa kimya. Alilirusha bamba juu ya ukuta likaanguka miguuni pa Malimpho.

Malimpho alilitazama. "Mama," alisema, "ungeniacha Alhamisi. Mabamba mawili tu, ungekuwa hai."

"Ningekuwa hai, ndiyo, na aibu hiyo machoni pa watu. Ndiyo maana sikukuacha." Mamotlatsi alikata la pili. "Ukilikoka, lisimamishe kwa ubavu, linashika upesi. Na mtoto mpe uji kwanza kabla baba yako hajakaa."

Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Kila siku saa tisa mabamba manne yalivuka ukuta, na saa kumi mzee Nkopane aliingia akakaa upande wa kulia. Mamotlatsi hakuja kuota; alisema ana kazi, anasawazisha pale alipokata. Limpho alinenepa. Wanawake wa kijiji walipopita walimsalimu Mamotlatsi kutoka nje ya ukuta, wakamsifu Malimpho kwa kuwa na mkwe mwenye bidii, wakaenda zao mlimani kuchimbua vichaka, maana kila mmoja alikuwa na zizi lililojaa samadi nyumbani kwake, na mguu wake haukuruhusiwa mle.

Septemba barabara ilipofunguka, Motlatsi alifika na lori. Alilia kaburini kama mtoto, tena kwa dhati. Halafu akaona samadi imepungua, akainama, akakagua lango lote kutafuta nyayo. Hakukuta hata moja. Akamwita Malimpho, akamwambia mbele ya Sekake na watu wengine kwamba amelinda heshima ya mji kuliko wanawake wengi anaowajua, na kwamba angetaka Limpho naye alelewe hivyo hivyo. Akamletea zawadi ya blanketi jipya. Kisha akafunga lango la zizi kwa waya, kwa usalama, akarudi Maseru.

Alasiri hiyo Malimpho alikwenda ukutani kama kawaida, blanketi jipya mabegani, mtoto amemshika sketi. Mamotlatsi alimpa mabamba manne, akafuta mikono.

"Nimekutengea mahali," alisema, akionyesha kwa sepeto. "Pale kwenye kona. Jua linafika mapema, na samadi yake ni nene. Ukishazikwa pale, Limpho akiwa na baridi, utamfaa sana."

Malimpho aliitazama ile kona. Ilikuwa nzuri kweli.

"Asante, mama," alisema, akaweka mabamba kichwani, akarudi kukoka moto.