Mke wa Mjini na Ng'ombe wa Gredi

Tuseme mapema, asije mtu baadaye akadai tulimficha jambo: Watiri hakujua kukamua ng'ombe. Angejulia wapi? Alizaliwa Pumwani, akalelewa Pumwani, na maziwa aliyoyafahamu ni yale ya kununuliwa dukani. Mwaka wa sitini na sita, mumewe Theuri alipomwambia kwamba wanahama Nairobi waende kwao Wamagana, aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama nyumba ya huko ina mlango.

Msimcheke. Miaka mitano walikuwa wamekaa chumba kimoja na familia nyingine, katikati pazia, na mtoto wa upande huu akikohoa, wa upande ule wanaamka wote. Theuri alikuwa fundi seremala. Akamwambia mlango upo, ameutengeneza mwenyewe kwa mbao za mtarakwa, una kufuli na funguo mbili, na mmoja ni wa Watiri. Watiri akaanza kufunga vyombo jioni ile ile.

Lori liliwashusha sokoni Wamagana Jumamosi mchana: Theuri na sanduku lake la randa na misumeno, Watiri na mtoto mchanga mgongoni, na binti yao Waithira wa miaka minne, mdomo wazi. Soko lenyewe lilikuwa maduka saba na kanisa moja. Watu wote walisimama kuangalia kabati la vioo likiteremshwa, na mzee mmoja akauliza kama ni la kufugia ndege. Watiri aliinua macho akaona Mlima Kenya umetoka mawinguni, mweupe kileleni. Alipapenda mahali pale papo hapo, na alikuja kunikasirikia siku moja niliposema ati alizoea polepole.

Mama mkwe aliwapokea vizuri. Huyu alikuwa mjane, mwanamke mkavu wa maneno machache, na kila mtu alimwita Mama Theuri. Alimbeba Waithira, aliyepewa jina lake kama desturi inavyotaka, akawapa uji, akaonyesha kila mtu mahali pa kulala. Kisha Waithira akamwomba maji kwa Kiswahili, na uso wa bibi ukafungwa.

"Katika boma hili hatusemi lugha hiyo," akasema kwa Kikuyu, na alikuwa anamtazama Watiri, si mtoto.

Sasa hapo palikuwa na taabu. Kikuyu cha Watiri kilikuwa cha kuokoteza. Ukimsalimu alijibu sawasawa, lakini akiendelea mbele kidogo, watu walianza kuuma midomo wasicheke. Wengine hawakuuma kitu. Kisimani walimwita "wa Nairobi" usoni pake, wakimwigiza anavyotamka kwa Kikuyu "ng'ombe" na "viazi". Watiri alidhani mama mkwe naye ana madharau tu ya kawaida, mpaka Theuri alipomweleza.

Wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka wapiganaji wa msituni, wanawake wote wa kilima kile walihamishiwa kijiji kilichozungushwa handaki, na handaki lile walilichimba wao, na watoto wao migongoni. Amri zote walipewa kwa Kiswahili. Chimba. Nyamaza. Kaa chini. "Alipotoka pale," Theuri akasema, "aliyaacha maneno hayo humo humo handakini." Tangu siku hiyo Watiri aliishika sheria ya boma kwa moyo mmoja, akawa mtu wa kuongea kidogo kuliko alivyowahi kuwa maishani.

Basi ndipo akaja Dezi.

Chama cha ushirika kilikuwa kimenunua ng'ombe kumi na wawili wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, kutoka kwa mzungu mmoja wa upande wa Nanyuki, aliyekuwa anafunga shamba arudi kwao. Kura ya bahati ikapigwa kati ya wanachama, na karatasi ya Theuri ikatoka. Lakini chama hakikuwa cha wajinga. Ng'ombe hakuwa wako kwanza. Ulipewa siku kumi na nne na ndoo iliyopakwa mstari mwekundu kwa ndani. Siku ya kumi na nne, asubuhi, kamati inakuja kuangalia ukikamua. Maziwa yakifika kwenye mstari, ng'ombe ni wako. Yasipofika, anafunguliwa siku hiyo hiyo anapelekwa kwa anayefuata kwenye orodha. Na aliyefuata alikuwa Magdaline, jirani yao wa ng'ambo ya ua.

Aliyewaleta ng'ombe alikuwa Ahmednoor, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, mrefu, mwenye kofia nyeupe. Alimtoa Dezi, ng'ombe wa Theuri, kwenye lori akimwambia tu, "Twende, mama, twende," na ng'ombe akamfuata nyuma kama mtoto anayemjua mjomba. "Huyu kule alikuwa anajaza ndoo na kubakisha," akamwambia Theuri. Mama Theuri, kwa kuwa kilikuwa Kiswahili, alijifanya hakusikia.

Siku ya kwanza Dezi alitoa nusu ndoo. Siku ya tatu, robo. Siku ya saba, vikombe viwili, na kimoja alikipiga teke. Watiri aliamka saa kumi na moja kila asubuhi, akamwosha kiwele kwa maji ya moto, akampaka mafuta, akakaa kwenye kigoda akambembeleza kwa Kikuyu chake cha taabu, maneno matamu yote aliyofundishwa. Dezi alikuwa anatazama ukuta. Mama Theuri, aliyekamua ng'ombe tangu utotoni, alijaribu naye akapata vikombe vitatu, akasema hivyo ndivyo anavyokuwa ng'ombe akishaharibiwa na mikono ya watu. Hakutaja mikono ya nani. Magdaline alikuwa anakuja kila jioni, ati kusalimu, huku anampapasa Dezi mgongoni kama mtu anayepima kitambaa dukani.

Jumapili, zikibaki siku tano, Theuri alimwita mkewe nyuma ya nyumba. Alikuwa anachezea randa mkononi.

"Ng'ombe akichukuliwa, sitaweza kulisha watoto hapa," akasema. "Kazi niliyoahidiwa ya madawati ya shule itaanza mwaka ujao. Labda wewe na watoto mrudi kwa mama yako Pumwani kwa muda, hadi nijipange."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda tu."

Watiri aliujua huo muda. Nusu ya wanawake wa Pumwani walikuwa wanaishi ndani yake, waume wao wako mahali fulani wanajipanga, watoto wanakua. Aliutia mkono mfukoni akaushika ufunguo wake wa mlango. Hakulia mbele yake, na nakuambia alikuwa na haki ya kulia.

Alilia Jumatatu asubuhi, zizini, Mama Theuri akiwa ameenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa na maziwa ya kufunika sakafu yake tu. Dezi akainua mguu akaukanyaga wa Watiri, akaubwaga uzito wake wote pale, akatulia. Na hapo subira ikamwisha mke wa mjini. Kikuyu chote kikamtoka kichwani.

"Sikiliza, wewe Dezi," akasema kwa Kiswahili cha kwao, meno yameumana. "Mimi nimekuosha, nimekukatia majani mpaka mikono imetoka malengelenge, naamka kabla ya jogoo kwa ajili yako. Watu wananicheka, nimenyamaza. Sasa unataka nifukuzwe nyumbani kwangu? Toa mguu, bwana. Toa mguu."

Masikio ya Dezi yakageuka, yote mawili. Akautoa mguu. Si kuutoa tu; akaurudisha nyuma hatua moja nzuri, akausimamisha pale, vile wanavyosimama ng'ombe wa mashamba makubwa wanapokuwa tayari kukamuliwa. Kisha akapumua pumzi ndefu.

Watiri aliinama akamtazama usoni. "Wewe," akasema polepole. "Unanisikia?"

Tone la maziwa likaanguka, na hakuwa amemgusa. Likafuata lingine. Akavuta kigoda haraka akashika, na maziwa yakaja kwa kishindo ndani ya ndoo, mfululizo, mpaka vidole vikaanza kumuuma. Miaka yote ya Dezi, huko Nanyuki, alikuwa akikamuliwa na wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi, na lugha yao ya kazi ilikuwa moja. Kikuyu walichokuwa wakimwimbia hapa hakikuwa na maana kwake hata kidogo. Watiri aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe tuko wawili," akamwambia.

Siku zilizofuata alikamua mapema, kabla mama mkwe hajaamka, akiongea kwa kunong'ona. Alimsimulia Dezi habari za Pumwani, nani aliolewa na nani, duka gani linapunja sukari. Maziwa yakapanda kila siku. Mama Theuri aliiona ndoo, akamwona Watiri, hakuuliza. Theuri naye aliuliza, akaambiwa asubiri Ijumaa kama watu wengine. Alikuwa bado hajasamehewa.

Ijumaa kamati ikafika, watu watano, mbele yao mwenyekiti Muriithi na koti lake la mvua. Nyuma yao nusu ya soko. Magdaline alikuja na kamba mpya, akaishika waziwazi, na sitamlaumu, hata yeye alikuwa na watoto. Watiri akaosha kiwele, akapaka mafuta, akakaa. Akanong'ona. Lakini watu walikuwa wengi, wanaongea, wanakohoa, watoto wanapanda ua, na Dezi alikuwa amekaza mgongo, macho yamemtoka. Sauti ndogo haikumfikia. Watiri akavuta mara kumi na kupata povu tu. Nyuma yake mtu akacheka, mwingine akasema "wa Nairobi", na Muriithi akaangalia saa.

Watiri alijua cha kufanya, na alijua aliyesimama pale mlangoni pa zizi. Angeweza kusema tu kwa sauti na kuomba radhi baadaye. Hakufanya hivyo. Aliinuka, mikono inamchuruzika mafuta, akaenda akasimama mbele ya mama mkwe wake, watu wote wakitazama.

"Maitu," akasema, yaani mama, kwa Kikuyu kile kile kilichopinda, "ng'ombe huyu hajui lugha yetu. Anajua ile nyingine. Ukikataa, nitanyamaza, na aende."

Mama Theuri aliuangalia uso wa Watiri, akaangalia mikono yake yenye malengelenge, kisha akatazama mbali kule bondeni, ambako handaki lilikuwa zamani na sasa kulikuwa na mahindi.

"Mwambie," akasema.

Watiri akarudi kwenye kigoda. Akavuta pumzi akasema kwa sauti kamili, sauti ya mwanamke wa Pumwani anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. "Dezi, mama, habari ya asubuhi. Usiwaangalie hao, hawana kazi. Lete mguu."

Dezi akageuza masikio. Akaurudisha mguu.

Kilichosikika ni maziwa tu, na Watiri akiongea bila kukoma, anamsifu, anamtania, anamuuliza kama amelala vizuri. Mstari mwekundu ukafunikwa. Watu wakasogea. Povu likafika ukingoni likamwagika nje, na Watiri akanyoosha mkono bila kugeuka akasema leteni ndoo nyingine. Theuri ndiye aliyeikimbilia, akaanguka kwenye mawe, akaamka nayo.

Muriithi alitia sahihi karatasi akiiegemeza kwenye mgongo wa Theuri, kwa kuwa meza haikuwepo. Magdaline akaikunja kamba yake. "Hata mimi najua Kiswahili," akalalamika. "Mngeniambia." Akapewa maziwa ya kubeba, akaondoka akicheka pamoja na wengine. Waliomwita Watiri "wa Nairobi" tangu alipofika sasa walimwita hivyo hivyo, lakini sauti imebadilika, na mmoja alimwomba aje aangalie ng'ombe wake, naye ametoka kwa mzungu yule yule na anawapiga mateke. Theuri alijaribu kusema kitu kuhusu Pumwani. Watiri akamwambia hilo neno asilitamke tena, na hajalitamka mpaka leo.

Jumapili Watiri alichelewa kuamka, mara ya kwanza tangu Dezi aje. Alitoka mbio, kitambaa mkononi, akasikia sauti zizini. Akasimama.

"Reta mguu," ilikuwa inasema, sauti kavu ya mtu asiyezoea lugha hiyo. "Reta mguu, mama. Porepore."

Mama Theuri alikuwa kwenye kigoda, na ndoo ilikuwa inajaa. Hakugeuka, ila alijua nani yuko mlangoni. Aliendelea hadi mwisho, akapangusa chuchu moja moja, akachota kikombe cha maziwa yenye joto. Akasimama, akakisukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwa mke wa mwanawe.

"Kaa chini," akamwambia kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Kaa chini, unywe."

Watiri akakaa, akanywa.