Mkato wa Mshazari

...na upepo nao hautulii, ua linatikisa kichwa kama mtu anayekataa kuongezewa chai, nami nimelala kifudifudi, kiwiko juu ya kokoto, jicho kwenye kamera, nangoja, kungoja ndiyo kazi yenyewe, kitufe hata mbuzi anaweza kubonyeza, "Kaka, umelala au unapiga picha?" huyo ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, kashika mwavuli kukinga upepo, "Tulia," namwambia, petali tano za zambarau, koo la manjano, siku nne tumelisaka ua hili mteremko mzima, leo kanitangulia nusu saa tu akarudi anapiga makofi, "Njoo uone, liko tambarare, limeyaonea huruma magoti yako!" nikacheka, nikamfuata kama mjinga... mbona udongo chini yake umelowa, mvua ina siku nane haijanyesha, na sisimizi wako wapi, bua la ua hili halikosi sisimizi, wanapanda wanashuka kama wana zamu, hapa hata mmoja, nashusha lenzi polepole, upepo umelivuta bua likainuka nusu kidole, ncha ya chini imechungulia... limekatwa. Limekatwa na kuchomekwa. Tena mshazari, mkato safi wa mkasi, mkato wa duka la maua alikofanya kazi mdogo wangu miaka mitatu, kata mshazari kaka, linywe maji vizuri, alinionyesha mwenyewe jikoni kwa mama, mkono umezoea, haukukumbuka hata kudanganya vizuri, na kitabu chetu cha picha za maua kinaenda kiwandani kuchapwa Jumatatu, majina yetu mawili, ukurasa wa kwanza tumeandika sote, yeye akisoma mimi nikisahihisha, kila ua limepigwa picha lilipoota, hata jani kavu halikuondolewa, mimi niliyemfokea mpiga picha mzima mbele ya wageni wake kwa kung'oa nyasi tatu tu, mwizi wewe, nilimwambia, na huyu pembeni yangu alinishika shati, "Basi kaka, basi," kumbe alikuwa anajitetea... na lile la jalada? lile la buluu juu ya mwamba, nililolilia machozi, nililiona na matone, nikauliza, akacheka, "Umande, kaka," saa sita mchana, umande! na yale ya kijitoni, na lile jeupe la siku niliyokuwa na homa, nahesabu na kila ninaloligusa linang'oka mkononi, miaka sita ya kitabu hiki, "Kaka, mkono umekufa ganzi, piga basi," zamani ningeurusha mwavuli huo bondeni, na yeye anajua, lakini sauti inatoka ya chini hata mwenyewe naishangaa, "Ulilikuta wapi?" nampa mlango, mama mmoja baba mmoja, pita mdogo wangu, sema tu, nitafoka na yataisha, "Si hapo hapo ulipolala, au umeanza kuzeeka?" na kicheko, kile kile cha umande, upepo bado unavuma, mwavuli bado uko juu yangu, naye ananong'ona, "Upepo ukitulia tu, piga," ndiyo, nitapiga, nazungusha lenzi, petali zinageuka ukungu, zambarau inayeyuka, na mkato unakuja wazi, mkali kabisa, nangoja upepo uliinue bua tena.