Utando wa Tangi la Pili

"Mama Elia, mbona siku hizi maji ya bomba yakikaa ndooni yanafanya utelezi, na dawa mnatia?" jirani yangu Eufrasia aliniuliza.

Nilimwambia dawa inaua vijidudu, lakini haiondoi chakula chao, yaani uozo wa majani ulioyeyuka majini. Chakula hicho huliwa na utando hai ulioota juu ya mchanga wa matangi yetu mawili ya kuchujia maji. Mungu ameuumba kwa kazi hiyo, nami mtunza matangi nimeulinda miaka tisa hapa Mwamgongo.

Mwenyekiti wetu mpya wa maji, Leonardi, aliuona utando huo kuwa ni uchafu tu. Mwezi uliopita aliosha mchanga wa tangi la kwanza kwa klorini, utando wote ukafa. Ijumaa akaja nyumbani na ndoo nyingine ya klorini.

"Shikamoo, mama. Nipe ufunguo wa matangi, leo naosha la pili."

"Marahaba. Huoshi."

Akacheka. "Mama unafuga ukungu kama watu wanavyofuga kuku!"

"Na kuku wangu wanataga, mwanangu. Njoo Jumapili uone."

Siku hiyo hiyo nikajaza ndoo mbili, moja kwa maji ya tangi la kwanza, nyingine kwa maji ya la pili, nikazifunika. Jumapili, nilipotoka kanisani, akaja, nikamwambia apapase ndani. Ndoo ya tangi langu ilikuwa safi, ukuta wake unakwaruza vidole. Ya tangi aliloosha yeye iliteleza kama kambare.

"Hayo ndiyo wanayokunywa watoto wako," nikasema. "Bado unataka ufunguo?"

Leonardi alijifuta mkono kwenye suruali, akabeba ndoo ya klorini aliyoiacha Ijumaa, akaenda zake.